The Terror ya 1963: mbovu, lakini mbona haiachiki?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Juzi usiku nimeangalia kwenye simu filamu ya zamani inaitwa The Terror, ya Boris Karloff, na Jack Nicholson akiwa bado kijana. Picha ilikuwa chafu na hadithi sikuielewa. Yule msichana mara ni mzuka, mara ni mtu, mara ni ndege. Lakini nilishindwa kuizima mpaka ikaisha, na rafiki zangu wananicheka. Je, ni filamu nzuri au mbaya? Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu hapa Tanga tunaandaa filamu fupi ya kutisha na hela hatuna. Halafu nimesikia hii filamu haina mwenyewe, yeyote anaweza kuchukua vipande vyake. Ni kweli?"

JIBU: Marahaba. Usione haya kwamba hukuielewa. Waliokuwa wanaitengeneza nao hawakuielewa, na hilo silisemi kwa kejeli. Ndivyo ilivyozaliwa, na usipojua ilivyozaliwa utaisifia visivyostahili sifa na kuilaumu kwa visivyo kosa lake. Kwa hiyo nianzie jikoni kabla ya kukuambia chakula kina ladha gani.

Roger Corman, mwongozaji na mtayarishaji wa Marekani aliyejulikana kwa kutengeneza filamu haraka na kwa senti chache, alikuwa anamalizia The Raven, iliyotoka mwanzoni mwa 1963. Seti za ngome zilikuwa bado zimesimama: kumbi, ngazi, mahali pa kuzikia. Zilikuwa zinangoja kubomolewa. Boris Karloff alikuwa hapohapo studio. Corman aliwahi kusimulia kwamba alikuwa amepanga kucheza tenisi, mvua ikanyesha, akakaa ndani akawaza: ngome ipo, mzee yupo, kwa nini vipite bure? Leo Gordon, mwigizaji ambaye pia alikuwa mwandishi, akaandika kurasa za kutosha kumpa Karloff la kufanya. Wakampiga picha siku mbili tatu: anapanda ngazi, anashuka ngazi, anafungua mlango, anamkaripia mtumishi, anaingia kaburini. Hadithi yenyewe ingetafutwa baadaye.

Ilichukua miezi kuitafuta. Corman alikuwa amefungwa na kanuni za chama cha waongozaji, na kuendelea kuongoza mwenyewe kungempandishia gharama, basi akawatuma vijana. Francis Ford Coppola, mwongozaji mkubwa wa baadaye ambaye hakuna aliyekuwa anamjua wakati huo, alipelekwa na kikosi kidogo pwani ya Big Sur huko California apige picha za bahari. Akakaa zaidi ya siku alizopangiwa, akarudi na vitu ambavyo havikuingiliana na vilivyokwisha kupigwa. Monte Hellman akapiga vipande vyake. Jack Hill akaandika na akapiga vingine. Mwishoni hata Nicholson mwenyewe akashika usukani kidogo. Jina linaloandikwa kama mwongozaji ni la Corman peke yake, lakini chungu hiki kilipikwa na wapishi wengi, na kila mmoja alikuta mwenzake ameshatia chumvi.

Basi tuseme hadithi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaiona. Ni mwaka 1806. Luteni wa jeshi la Ufaransa, Andre Duvalier, huyo ndiye Nicholson, amepotezana na kikosi chake kwenye pwani ya Baltiki. Ufukweni anakutana na msichana ambaye anamwonyesha maji ya kunywa, kisha msichana anaingia baharini na kupotea. Kumbe sura yake ni ya Ilsa, mke wa Baron von Leppe, aliyekufa miaka 20 nyuma. Baron, huyo ndiye Karloff, anaishi peke yake ngomeni na mtumishi wake Stefan, na anakiri kwamba alimuua mkewe alipomfumania na mwanamume aitwaye Eric. Karibu na hapo anaishi bibi mchawi, Katrina, mwenye mwewe wake. Yeye ndiye anayeuchochea mzuka wa Ilsa umsumbue Baron mpaka ajiue, kwa sababu Eric aliyeuawa usiku ule alikuwa mwanawe.

Sasa uzuri wake. Filamu za kutisha za namna hii, zenye ngome, makaburi ya ndani ya nyumba na dhambi za zamani zisizozikika, zinategemea mahali kuliko zinavyotegemea hadithi. Mahali pakikukaa moyoni, nusu ya kazi imekwisha. The Terror ina mahali pawili pa nguvu ambapo haikupalipia ipasavyo. Ngome ni ya Daniel Haller, fundi wa mandhari aliyemjengea Corman nyumba zake nyingi za mizuka kwa kuunga na kuunganisha mabaki, na aliyejua kwamba ukumbi mdogo ukiuwekea giza kwenye kona unaonekana hauna mwisho. Bahari ni ya Big Sur, na yenyewe haikuhitaji fundi. Majabali, mawimbi yanayopasuka, ufukwe usio na mtu. Ukimtoa msichana kwenye mawimbi yale na kumtia kwenye ngome ile, mtazamaji anaingia ubaridi kabla hata neno halijasemwa. Ndicho kilichokushika wewe na simu yako usiku. Muziki wa Ronald Stein nao unasaidia, kwa sababu hauchoki: pale picha inapotembea tu bila kwenda popote, muziki unakudanganya kwamba kuna jambo linakuja.

Halafu yupo Karloff. Alikuwa na karibu miaka 75, na zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu Frankenstein ya 1931 impe jina. Mgongo na miguu vilikuwa vinamsumbua kwelikweli. Rudi kwenye filamu umtazame anavyotembea ngomeni. Hakimbilii kutisha, wala hakodoi macho. Anatembea kama mtu anayeijua kila ngazi ya nyumba yake na kuichoka. Anapomweleza luteni habari za mkewe, sauti inashuka, na lile neno la mwisho la sentensi analiachia taratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani asije akamwamsha aliyelala. Kijana wa leo angepewa kurasa zilezile, zisizo na mbele wala nyuma, angepiga kelele. Mzee aliamua kuhuzunika. Na kwa kuwa alihuzunika, sisi tunaamini kwamba ndani ya nyumba ile kuna jambo la kuhuzunikia, hata pale mwandishi mwenyewe alipokuwa hajalijua.

Hapo ndipo nataka ukae nami kidogo, maana jambo hilo lilipopatikana lilikuwa kubwa kuliko filamu.

Corman alipotazama vipande vyote kwa pamoja aliona havina maana. Akawaita Nicholson na Dick Miller, aliyecheza Stefan, akawasimamisha mbele ya kipande cha ukuta. Luteni anamkaba mtumishi, anamwambia amedanganywa tangu alipofika, sasa aseme ukweli. Na mtumishi anausema wote kwa mpigo mmoja. Usiku ule wa fumanizi, aliyekufa hakuwa Eric. Aliyekufa ni Baron. Eric alimuua, akavaa nafasi yake, na kwa kukaa miaka yote hiyo ndani ya ngome akiishi kwa jina la marehemu, akili ikahama: akaamini kweli kwamba yeye ndiye von Leppe, na kwamba yeye ndiye aliyemuua Eric.

Hebu lisikie hilo vizuri. Sisi tunasema mchawi mpe mwana kulea, tukijua kwamba aliyekabidhiwa ataona aibu kumdhuru. Huyu bibi hakuwa na haja ya kukabidhiwa. Mwana alikuwa wake wa kumzaa. Amekaa chini ya ngome akimroga mtoto wake mwenyewe ajiue, akidhani analipiza kisasi cha mtoto huyohuyo. Anapoambiwa, anapiga mbio kwenda kumzuia. Anafika kwenye kanisa la ngome, na kwa kuwa ni mchawi hawezi kuingia mahali patakatifu. Radi inampiga pale nje, anaungua. Ndani, mwanawe anaendelea na alichofundishwa na mama yake kukifanya.

Mtunzi mwenye muda angejenga tamthilia nzima juu ya hilo. The Terror inalitaja ukutani, inalipitisha mbio, kisha inafungulia maji yafurike kaburini. Kwangu hili ndilo kosa kubwa la filamu hii, kubwa kuliko uchafu wa picha na kuliko makosa yote madogo ambayo watu hupenda kuyahesabu. Siri ilibuniwa mwisho, kwa hiyo hakuna chochote huko nyuma kinachoiandaa. Karloff hakuambiwa kwamba anacheza Eric anayejidhania Baron, alicheza Baron. Ukiitazama mara ya pili ukitafuta dalili, jicho linaloteleza, jina analosita kulitamka, hutaziona, kwa sababu hazipo. Siri nzuri hukufanya urudi mwanzo na kusema kumbe! Hii inakufanya urudi mwanzo na kusema mbona?

Makosa mengine nayapitia upesi. Nicholson, mzaliwa wa New Jersey, anacheza ofisa wa Napoleon akiongea kama aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la New Jersey. Sare anaivaa, haimvai. Sandra Knight, aliyecheza msichana na ambaye wakati huo alikuwa mkewe wa kweli, ana uso unaofaa kabisa kuwa mzuka, lakini hakuna aliyemwambia yeye ni nani: kipande kimoja ni msichana aliyepagawa, kingine ni maiti inayotembea, kingine ni kana kwamba ndiye yule mwewe. Kila mwongozaji aliyemshika alimpa jibu lake. Katikati ya filamu kuna kutembea kwingi mno. Luteni anatoka ngomeni, anarudi ngomeni, anaulizwa kwa nini amerudi. Filamu haifiki saa moja na nusu, na bado unahisi watu wanazungushwa ili dakika zitimie, maana ndivyo ilivyokuwa.

Utasikia wapenzi wa filamu za zamani wakisema kwamba kutoeleweka kwake ni sanaa, kwamba ni kama ndoto, na katika ndoto msichana huwa ndege bila kuombwa ruhusa. Naelewa wanachokiona, na nisingewakatalia kwamba ukiwa macho saa nane za usiku inafanya kazi hivyo. Ila mimi nimekaa kwenye chumba cha kuhariri miaka mingi, najua ndoto nyingine zinatoka wapi. Niliwahi kuhariri mchezo ambao mwigizaji mkuu alinyoa nywele katikati ya kazi, kukiwa kumebaki siku tatu. Tukamvika kofia, mpaka kitandani. Ulipoonyeshwa, mzee mmoja alinifuata akanisifu: ile kofia, akasema, inaonyesha kwamba bwana yule anaficha dhamiri yake. Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Kwa hiyo hali ya ndoto iliyomo kwenye The Terror ichukue, ifurahie, lakini usijifunze kuitengeneza kwa njia ile. Wao ilitokea kwa sababu walikuwa na Karloff na Big Sur vya kuizibia mashimo. Ninyi mkiacha mashimo yatabaki mashimo.

Kuhusu picha chafu, hilo nusu si kosa la waliopiga. Filamu hii ilitolewa bila tangazo halali la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo lilitosha kuiacha mikononi mwa umma. Lililompata Corman hapa lilimpata pia George Romero na Night of the Living Dead ya 1968. Filamu isiyo na mwenyewe inanakiliwa na kila mtu, na nakala ya nakala ya nakala inapoteza rangi, inakatwa kingo ili itoshe televisheni za zamani, giza linakuwa matope. Zipo nakala zilizosafishwa. Tafuta moja, uangalie tena hata robo saa ya kwanza. Utagundua kwamba ilipigwa kwa rangi nzito, na kwamba pale ulipoona weusi mtupu kulikuwa na ukuta, pazia na mtu.

Kwa wenzako wa Tanga nina mambo mawili tu, maana mengine mtayajua mkishaanza. La kwanza: mahali mnapo. Mapango ya Amboni yako hapo jirani, magofu ya Tongoni yako kusini kidogo, makaburi ya kale yenye minara mbele ya bahari. Corman angelia machozi. Ombeni kibali, msiguse kitu, mwende asubuhi na mapema jua likiwa bado chini. Lakini nendeni mkiwa mmeshaandika mwisho. Corman alianza na mahali akamaliza bila hadithi. Ninyi mahali pawape hadithi kwanza, halafu ndipo mbebe kamera.

La pili ni lile tukio la kufunga. Stelingi amemwokoa msichana kwenye mafuriko, amemtoa nje kwenye mwanga, amemlaza, anambusu. Kila mtu anajua hapo filamu imeisha. Kisha uso wa msichana unaanza kuyeyuka, ngozi inachuruzika kama shira iliyomwagwa, na kinachobaki mikononi mwake ni maiti ya miaka 20. Ukikazia macho unaona kabisa ni uji wa rangi na kinyago. Hakuna fundi wa bei aliyeitwa. Na bado linatisha, kwa sababu limekuja mahali ambapo ulikuwa umeshapumua. Linganisha na Gustaf, yule mtumishi wa bibi, anaponyofolewa macho na mwewe majabalini: damu ni nyingi zaidi, kelele ni kubwa zaidi, na halikai kichwani hata robo ya lile la busu. Hela zenu chache za rangi na gundi zitumieni pale mtazamaji alipofungua mkanda.

Tumalizie swali lako la vipande. Ni kweli kwamba filamu yenyewe iko huru Marekani. Lakini nakala iliyosafishwa inaweza kuwa na vitu vyake, kama muziki uliowekwa upya au maandishi, vyenye mwenyewe. Na kama mnakusudia kuuza filamu yenu hapa nyumbani, pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza mpate jibu la maandishi. Safari moja ya ofisini ni nafuu kuliko barua ya mwanasheria.

Kabla hamjakata chochote, tafuteni Targets ya 1968 muone vipande hivihivi vilivyotumiwa na mtu mwenye akili. Karloff alikuwa bado anadaiwa na Corman siku mbili za kazi. Corman akampa kijana aitwaye Peter Bogdanovich siku hizo mbili na ruhusa ya kuchota kutoka The Terror, akamwambia akatengeneze filamu. Bogdanovich akamfanya Karloff awe mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, aliyechoka, anayeona kwamba ngome na mizuka yake havimtishi tena mtu katika nchi ambayo kijana mpole anaweza kununua bunduki na kuanza kuwalenga wapita njia. Mwisho wake uko kwenye sinema ya uwanjani, ile ambayo watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Kijana amejificha nyuma ya pazia kubwa, anawapiga watazamaji risasi. Juu ya pazia inaonyeshwa The Terror, Karloff anatembea na joho lake ngomeni. Chini, Karloff wa kweli, mzee mwenye suti na fimbo, anamfuata yule kijana kwa miguu yake mibovu. Kijana anatazama juu, anatazama chini, Karloff wawili wanamjia, hajui ampige yupi. Anafyatua risasi kwenye picha. Mzee anamfikia, anampiga kwa ile fimbo, bunduki inamtoka mkononi, kisha anamzaba kofi.